Jina Kabla ya Istilahi: Historia ya Kuzitaja kwa Kiswahili Sayari za Nyota Nyingine, na Nafasi ya Nakawa

Ikisiri

Tangu mwaka 1995 wanaastronomia wamethibitisha kuwapo kwa maelfu ya sayari zinazozunguka nyota nyingine mbali na Jua letu. Afrika Mashariki imeshiriki kuzipa baadhi yake majina rasmi: Mpingo na Tanzanite kutoka Tanzania mwaka 2019, kisha Orkaria na Enaiposha kutoka Kenya mwaka 2023. Hata hivyo, Kiswahili bado hakijapata istilahi moja iliyokubaliwa katika eneo zima kwa aina hiyo ya sayari. Makala haya yanafuatilia chanzo cha pengo hilo katika historia ya usanifishaji wa Kiswahili, ikiwemo miaka ambayo kazi hiyo ilifanyika Kampala. Hoja kuu ni kwamba mkanganyiko uliozipata sayari za Jua katika vitabu vya shule unaweza kujirudia, na kwamba taasisi za elimu zilizopo Nakawa zina nafasi ya kuuzuia iwapo zitashirikishwa kabla ya vitabu kuchapishwa.

1.0 Utangulizi

Mnamo tarehe 17 Desemba 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulitangaza matokeo ya kampeni iliyozialika nchi mbalimbali kutoa majina kwa nyota na sayari zilizokuwa zikijulikana kwa tarakimu tu. Nchi 112 zilipata majina yaliyokubaliwa, na zaidi ya watu 780,000 walishiriki duniani kote. Nyota WASP-71, ambayo Tanzania ilipangiwa, ikaitwa Mpingo, kwa heshima ya mti unaotoa mbao nyeusi za vinyago na ala za muziki. Sayari yake ikaitwa Tanzanite, kwa heshima ya kito kinachochimbwa Mererani.

Tukio hilo lilipokewa kama habari njema ya siku moja, kisha likapita. Kwa mtafiti wa lugha, hata hivyo, linaibua swali ambalo halijajibiwa. Tanzanite ni kitu gani? Mwandishi wa habari, mwalimu au mfasiri anayetaka kuandika sentensi ya kwanza kuhusu Tanzanite kwa Kiswahili anahitaji nomino ya jumla itakayotangulia jina hilo, kama vile neno "mto" linavyotangulia Nile. Nomino hiyo haijakubaliwa. Mtu mmoja huandika "sayari ya nje", mwingine "sayari iliyo nje ya mfumo wa Jua", na mwingine hukopa neno la Kiingereza na kulitohoa apendavyo. Jina limetangulia istilahi.

Makala haya yanaeleza kwanza dhana zilizoletwa na ugunduzi wa sayari hizo, kisha yanaangalia jinsi Kiswahili kilivyozitaja sayari za Jua, majina yaliyotolewa na Afrika Mashariki, na historia ya uundaji wa istilahi Kampala. Sehemu ya mwisho inarejea Nakawa, moja ya divisheni tano za Jiji la Kampala, ambako maamuzi mengi kuhusu vitabu na mitihani ya Uganda hufanyika.

2.0 Ugunduzi na dhana zilizokuja nao

Wazo kwamba nyota nyingine zaweza kuwa na sayari zake ni la kale, lakini ushahidi ni wa juzi. Mwaka 1992, Aleksander Wolszczan na Dale Frail walitangaza kuwapo kwa sayari zinazozunguka masalia ya nyota iliyokufa. Oktoba 1995, Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza sayari inayozunguka nyota ya 51 Pegasi, ambayo inafanana na Jua. Kazi hiyo iliwapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2019. Machi 2022 idadi ya sayari zilizothibitishwa ilivuka 5,000.

Nyingi kati ya sayari hizi hazijaonekana moja kwa moja. Zimejulikana kwa athari zake juu ya nyota. Njia ya Mayor na Queloz hutegemea kuyumba kwa nyota: sayari inapoizunguka, nayo nyota huvutwa kidogo huku na huku, na mwanga wake hubadilika rangi kwa kiasi kidogo mno. Ni kanuni ileile inayofanya mlio wa king'ora cha gari la wagonjwa katika Barabara ya Jinja usikike tofauti gari linapokaribia na linapokwenda mbali. Njia ya pili, iliyotumiwa na darubini ya Kepler kuanzia mwaka 2009 hadi 2018, hupima mwanga wa nyota unaopungua kila sayari inapopita mbele yake.

Njia hii ya pili si ngeni kwa wakazi wa Afrika Mashariki. Tarehe 8 Juni 2004, Zuhura ilipita mbele ya Jua, na tukio hilo liliweza kuonekana kutoka eneo hili. Tarehe 3 Novemba 2013, Jua lilipatwa kikamilifu kaskazini mwa Uganda, na watu wengi wakasafiri hadi eneo la Pakwach kulishuhudia. Mwezi uliufunika uso wote wa Jua. Zuhura ilifunika nukta tu. Sayari ya nyota ya mbali hufanya kama Zuhura, ila sisi huona upungufu wa mwanga badala ya nukta yenyewe. Kiswahili kina msamiati tajiri wa kupatwa kwa Jua na Mwezi, na msamiati huo ungeweza kuwa msingi wa istilahi za upitaji wa sayari. Tatizo basi si uwezo wa lugha. Tatizo ni utaratibu wa kukubaliana.

3.0 Funzo la Utaridi

Uzito wa utaratibu huo unaonekana katika majina ya sayari za Jua lenyewe. Elimu ya falaki ya pwani, iliyoandamana na hesabu za sala, mwandamo wa mwezi na safari za majahazi, ilirithi kutoka Kiarabu majina ya sayari tano zinazoonekana kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Katika mpangilio huo, Utaridi ndiyo sayari iliyo karibu zaidi na Jua.

Sayari zilizogunduliwa baadaye hazikuwa na majina ya kurithi. Uranus iligunduliwa mwaka 1781, Neptuni mwaka 1846, na Pluto mwaka 1930. Waandishi wa vitabu vya karne ya 20 walipotaka kukamilisha orodha ya sayari tisa kwa Kiswahili, walizijaza nafasi tupu kwa maneno yaliyokuwa karibu. Baadhi yalitoka katika majina ya buruji, yaani makundi ya nyota na si sayari: Kausi, ambalo kwa asili ni upinde wa Mshale, na Sarateni, ambalo kwa asili ni Kaa. Sayari ya kwanza ikapewa jina Zebaki kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja kwa sayari hiyo na kwa metali ya majimaji ambayo Waswahili huiita zebaki. Jina Utaridi, lililobaki bila kazi, likahamishiwa kwa Pluto katika orodha kadhaa.

Matokeo yake ni kwamba neno moja limetaja mwanzo wa mfumo wa Jua kwa msomaji mmoja, na ukingo wake wa mbali kwa msomaji mwingine. Mzee wa Lamu aliyejifunza falaki kwa mapokeo na mwanafunzi aliyekariri orodha ya kitabu wanaweza kulitaja neno Utaridi katika mazungumzo mamoja na kila mmoja akaamini kwamba mwenzake amekosea. Kosa hili halikutokana na ujinga wa mtu yeyote. Kila mwandishi alitatua tatizo la ukurasa wake. Kilichokosekana ni chombo cha kuzilinganisha kurasa hizo kabla hazijafika darasani. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipoiondoa Pluto katika orodha ya sayari mwaka 2006, suala la nani mwenye haki ya jina Utaridi lilipungua makali, lakini halikufutika, kwa maana vitabu vya zamani bado vimo mikononi mwa watu.

4.0 Majina kutoka Afrika Mashariki

Kiswahili kiliingia katika astronomia ya kisasa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka saba ya uhuru, na satelaiti ikapewa jina Uhuru. Matokeo yake yalichangia kazi iliyompatia Riccardo Giacconi sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002. Neno la Kiswahili limo katika historia ya sayansi hiyo, lakini limo kama jina tu. Vitu ambavyo Uhuru ilivichunguza havikupata istilahi za Kiswahili kwa sababu ya jina hilo.

Mwelekeo huohuo ulijirudia mwaka 2019. Tanzanite, kwa jina lake la kitaalamu WASP-71b, ni sayari kubwa ya gesi yenye uzito zaidi ya mara mbili ya Mshtarii. Huizunguka Mpingo kwa muda wa takriban siku tatu, na iko umbali wa zaidi ya miaka-nuru 1,000. Inafaa kuzingatia tahajia ya majina hayo mawili. Mpingo limeandikwa kama Waswahili wanavyoliandika. Tanzanite limebaki katika umbo la kibiashara la kimataifa, ingawa wazungumzaji wengi hutamka na kuandika "tanzanaiti". Katika mfumo mmoja wa nyota na sayari, jina moja limefuata mfumo wa sauti wa Kiswahili na jingine halikuufuata.

Kampeni iliyofuata, ya mwaka 2022, ilihusu mifumo 20 ambayo ilikuwa miongoni mwa shabaha za mwanzo za darubini ya anga ya James Webb. Mapendekezo yalitoka nchi 91. Juni 2023 ilitangazwa kwamba pendekezo kutoka Kenya limekubaliwa kwa mfumo wa GJ 1214. Nyota yake, ambayo ni ndogo na nyekundu, ikaitwa Orkaria, neno la Kimaa la udongo mwekundu. Sayari ikaitwa Enaiposha, neno la Kimaa la maji mengi yanayotikisika, ambalo lina uhusiano na jina la Ziwa Naivasha. Sayari hiyo iligunduliwa mwaka 2009 na iko umbali wa takriban miaka-nuru 48. Kwa muda mrefu wataalamu wamejadili iwapo ina maji mengi chini ya ukungu wake mzito. Vipimo vya darubini ya Webb vilivyochapishwa mwaka 2023 vilionyesha joto la takriban nyuzi 279 za selsiasi upande wa mchana na 165 upande wa usiku.

Uteuzi wa Kimaa ni funzo kwa watunga sera wa lugha. Wapendekezaji walikwenda kwenye lugha ya jamii, wakachukua maneno yaliyobeba maana inayolingana na kitu chenyewe: wekundu kwa nyota nyekundu, maji kwa sayari inayodhaniwa kuwa na maji. Huo ndio uundaji mzuri wa maneno. Wakati huohuo, mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuieleza Enaiposha kwa msomaji wa Narok, Arusha au Kampala bado hana nomino ya jumla ya kuitanguliza.

5.0 Kampala katika historia ya istilahi

Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, mwaka uleule ilipogunduliwa Pluto. Iliziunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Makao yake ya kwanza yalikuwa Dar es Salaam, kisha Nairobi. Kuanzia mwaka 1952 hadi 1962 yalikuwa Makerere, Kampala. Baadaye Kamati ilirudi pwani, na mwaka 1964 ikawa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili katika chuo kikuu cha Dar es Salaam.

Miaka kumi ya Makerere ina kinaya chake. Ndiyo miaka ambayo satelaiti ya kwanza ilirushwa, Oktoba 1957, na binadamu wa kwanza akafika anga za juu, Aprili 1961. Dunia ilihitaji maneno mapya ya anga kwa kasi isiyokuwa na mfano, na chombo cha kusanifisha Kiswahili kilikuwa Kampala. Lakini katika miaka hiyohiyo Kiswahili kilikuwa kikiondolewa katika shule za Uganda. Upinzani ulikuwa na mizizi tangu miaka ya 1920, wakati Gavana William Gowers alipotaka Kiswahili kitumike katika elimu, na Kabaka Daudi Chwa pamoja na viongozi wengine wa Buganda wakapinga kwa hofu ya kupoteza lugha na mamlaka yao. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi: lugha ya elimu huamua nani atasikilizwa. Hata hivyo, athari yake ni kwamba Kamati ilikaa katika jiji ambalo walimu wake hawakuwa na sababu ya kuzitumia istilahi zake wala kuzikosoa.

Kamati ilipoondoka, Uganda ilibaki pembeni. Kiswahili kiliendelea kuishi katika jeshi na polisi, masokoni na katika barabara za mizigo, lakini si katika maabara. Kazi kubwa za istilahi za sayansi, kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1990, zilifanyika Tanzania.

6.0 Nakawa na kazi iliyopo

Hali hiyo imebadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Septemba 2019 Baraza la Mawaziri lilikubali kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza kutumika, na Kiswahili kikawa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitumia kama lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka 2023 sherehe za kikanda za Siku ya Kiswahili Duniani zilifanyika Kampala.

Taasisi zenye dhamana ya kuyatafsiri maamuzi hayo kuwa vitabu na mitihani zimo ndani ya Divisheni ya Nakawa. Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala kipo Kyambogo. Chuo Kikuu cha Kyambogo, chenye mizizi mirefu katika malezi ya walimu, ni jirani yake. Baraza la Taifa la Mitihani lipo Ntinda. Mtu anaweza kuzitembelea zote kwa siku moja. Miaka sitini baada ya Kamati kuondoka Makerere, uzito wa suala la Kiswahili Kampala umehamia upande wa mashariki wa jiji.

Yaweza kuhojiwa kwamba fizikia nchini Uganda hufundishwa kwa Kiingereza, na hivyo istilahi za Kiswahili za anga hazina haraka. Hoja hiyo inasahau kwamba vitabu vya Kiswahili vinahitaji vifungu vya ufahamu, insha na mijadala, na mada za sayansi ni miongoni mwa zinazovutia vijana. Inasahau pia kwamba Uganda imekuwa nchi ya anga kwa namna yake: satelaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliyoundwa na wahandisi Waganda wakiwa masomoni Japani, ilirushwa Novemba 2022. Mwandishi wa kitabu cha Kidato cha Pili atakayeandika ukurasa mmoja kuhusu anga atalazimika kuchagua neno, na chaguo lake litakaririwa na darasa baada ya darasa.

Hatari iliyo karibu zaidi imo katika maneno "sayari za nje". Maneno haya hutumika kwa Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptuni, kwa kulinganishwa na sayari za ndani zilizo karibu na Jua. Yakitumika pia kwa sayari za nyota nyingine, swali la mtihani linalouliza "taja sayari mbili za nje" litakuwa na majibu mawili sahihi yasiyohusiana: "Zohali na Neptuni", au "Tanzanite na Enaiposha". Kuyaunganisha kuwa "sayari-nje" hakuondoi tatizo, kwa maana tofauti ya kistari huonekana kwenye karatasi lakini haisikiki redioni wala darasani. Utohozi wa umbo la "eksoplaneti" huepuka utata huo, lakini haumpi msomaji dokezo lolote la maana. "Sayari geni" lina mvuto, ila huashiria ugeni wa tabia na si mahali. "Sayari ya nyota nyingine" ni refu kidogo, lakini hueleweka mara ya kwanza, hutafsirika kwa urahisi katika Luganda, ambamo nyota huitwa emmunyeenye, na hairuhusu kuchanganywa na Neptuni.

Umbo hili la mwisho lina udhaifu wake. Wanaastronomia wanatambua pia magimba yanayosafiri angani bila kuzunguka nyota yoyote, na hayo yatahitaji neno lake. Hilo linaonyesha kwa nini istilahi haiwezi kuundwa mojamoja. Ni lazima orodha ya dhana zinazohusiana itangulie: sayari, sayari ya ndani, sayari ya nje, sayari ya nyota nyingine, sayari isiyo na nyota, upitaji, kuyumba kwa nyota. Maneno huchaguliwa yakitazamana.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha vipindi viwili vya kukosana. Katika miaka ya 1950, chombo cha istilahi kilikuwa Kampala wakati shule za Uganda zilikuwa zikikiacha Kiswahili. Leo shule za Uganda zinakipokea Kiswahili, na vyombo vya istilahi viko kwingine: Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar, na Baraza la Kiswahili la Taifa liko Tanzania Bara. Pengo hili la pili linaweza kuzibwa, kwa sababu safari hii hakuna upande unaolikataa jambo lenyewe.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, Kamisheni iandae orodha fupi ya dhana za astronomia kwa ngazi ya sekondari, na wawakilishi wa taasisi za Nakawa washiriki tangu rasimu ya kwanza badala ya kupelekewa orodha iliyokamilika. Pili, maneno "sayari za nje" yahifadhiwe kwa sayari za mfumo wa Jua pekee, na "sayari ya nyota nyingine" lijaribiwe kwa walimu na wanafunzi kabla ya kusanifishwa. Tatu, kila nchi ya Afrika Mashariki itakapopendekeza tena jina la nyota au sayari, pendekezo hilo liambatane na maelezo ya Kiswahili yaliyopitiwa na wataalamu wa lugha, ili jina na istilahi vitoke pamoja.

Gharama ya hatua hizi ni vikao vichache na uchapishaji wa kurasa kadhaa. Gharama ya kutozichukua inajulikana: Kiswahili kimeshailipa kwa Utaridi, na vitabu vya Uganda vya sekondari bado vinaandikwa.